Marehemu Kombo Amejibu Barua Pepe

Sawa, nitaieleza mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa mtaa wetu wa Magongo waendelee kuieleza hii habari, mwisho mtaambiwa nilitoka kaburini na sanda mkononi. Aibu niliipata, sikatai. Niliipata mchana kweupe, mbele ya mamangu, mbele ya majirani, mbele ya wageni waliokuja na machungwa, na mpaka leo nikipita njia ya sokoni kuna muuza vipuri mmoja ambaye huinuka kitini akaniamkia, "Shikamoo, marehemu." Namwitikia marahaba na kuendelea na safari yangu. Lakini kama wadhani nimekuja hapa kuomba radhi, vuta kiti ukae vizuri, kwa sababu utangoja sana.

Mimi ni Mwanahamisi Kombo, mpishi. Sikuajiriwa na mtu. Mimi na mamangu twapika wenyewe uani kwetu, pilau, biriani, mahamri, sambusa, na wateja wetu ni watu wa harusi ndogondogo, hitima, akika na wale wenye wageni wa ghafla ambao hawataki wageni wajue kwamba hawajui kupika (siwataji, lakini wanajijua). Sasa mamangu mgongo umeanza kumsumbua, na sufuria la pilau la watu mia halina huruma na mgongo wa mtu. Nikajiambia, nikipata kazi moja kubwa, ya ofisi, ya kudumu, nitaajiri watu wawili wenye nguvu wa kuinua masufuria na mamangu atakaa kwenye kiti aonje chumvi tu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kama ni dhambi, iandikeni.

Basi nikanunua jina la biashara la mtandaoni, na fundi aliyeniuzia akaniambia kwamba kwa jina hilohilo naweza kutengeneza anwani za barua pepe kadiri nitakavyo, na zote zikaangukia kwenye kikasha kimoja, kwenye laptopu yangu moja, niliyokuwa nimeiweka juu ya pipa la unga. Nikatengeneza ya maulizo, nikatengeneza ya uhasibu, nikatengeneza ya meneja. Katika ile programu ya barua, ukitaka kuandika, kuna mstari juu umeandikwa "Kutoka kwa", ukiubonyeza zinashuka anwani zako zote, unachagua leo uwe nani, na kila anwani ina sahihi yake inayojibandika chini bila wewe kuigusa. Mtu wa nje angedhani tuna ghorofa nne na lifti. Kumbe ni mimi, mamangu, meko matatu na paka.

Mwanzoni sikudanganya mtu. Nilisikia kwamba yadi moja ya malori, upande wa kuteremkia Kipevu, inatafuta mtu wa kuwapikia futari madereva na wapakiaji wake mwezi mzima wa Ramadhani. Nikaandika barua nzuri, kwa anwani ya maulizo, kwa jina langu: Mwanahamisi, nauza chakula, bei zangu hizi, naomba nafasi. Kimya. Nikangoja mpaka nikachoka, nikaandika tena, kimya kilekile. Ndipo siku moja, kwa hasira tu, nikaichukua barua ileile, neno kwa neno, sikugusa hata nukta ila lile jina langu tu, nikaenda kwenye ule mstari wa "Kutoka kwa", nikachagua meneja, na kwenye sahihi nikaandika: Bw. Kombo, Meneja Mkuu. Adhuhuri haijaadhiniwa, jibu limeingia. "Ndugu Bw. Kombo, tumefurahi sana kupokea barua yako." Walifurahi sana! Barua ileile iliyokuwa imelala kwao mara mbili!

(Na kabla hamjanirukia: Kombo ni jina la marehemu babangu, na limo kwenye kitambulisho changu. Sikuliiba kwa mtu.)

Aliyekuwa akijibu upande wa yadi alijiandika Z. Mbarak, Afisa wa Utawala, nami nikawa namwita Bwana Z. Mbarak, naye ananiita Bwana Kombo, tukaandikiana karibu kila siku. Na niwaambie ukweli, nilimpenda Kombo. Mimi nikiandika kama Mwanahamisi huanza na samahani na kumaliza na samahani. Kombo hakujua samahani. Wao wakiuliza kama bei yaweza kupunguzwa, Kombo anaandika, "Bei ni hiyo." Basi, na nukta. Na wao wanajibu, "Tumeelewa." Siku moja tulipeleka sambusa za kuonja, zikafika zimepoa kwa sababu barabara ya Magongo ilikuwa imefungana, Bwana Z. akalalamika, na Kombo akamjibu kwamba mpishi wake, Bi. Mwanahamisi, ataonywa vikali. Wallahi nilipomaliza kuiandika hiyo nilimchukia Kombo kidogo.

Yote yalikwenda vizuri mpaka asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani ilipoingia barua kwa Kombo: Mkurugenzi wa yadi angependa kuonana na Bw. Kombo ana kwa ana siku ya Alhamisi, wamalize mapatano. "Bi. Mwanahamisi anaweza kuja naye, asaidie kupakua."

Asaidie kupakua! Nililisoma hilo nikiwa nimesimama, mwiko mkononi.

Sasa hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo. Ningeweza kusema Kombo amesafiri. Ningesema amekwenda Lamu, amekwenda Umra, nani angemfuata? Nikasema ni mgonjwa. Mimi, mtu mzima, niliyezaliwa na kulelewa Pwani hii hii, niliyeburutwa na mamangu tangu utotoni kwenda kuangalia wagonjwa, hata wagonjwa wa watu tusiosemezana nao, nikakaa kwenye pipa la unga nikaandika kwamba mtu ni mgonjwa, na chini yake kukajibandika mahali tunapokaa, kuanzia mtaa mpaka rangi ya geti.

Niliandika hivi: "Kwa masikitiko nakujulisha kwamba Bw. Kombo ni mgonjwa sana. Amelala, hajiwezi, hata simu hawezi kuishika. Alhamisi nitakuja mimi kwa niaba yake." Nikatuma. Halafu moyo ukanigonga, nikaifungua tena nione nilivyoandika. Chini kabisa, kwa herufi nzito, kulikuwa na: Wako, Bw. Kombo, Meneja Mkuu.

Mimi nilidhani nimeandika kama Mwanahamisi. Kumbe ile programu, ukibonyeza "Jibu", hujichagulia yenyewe anwani ile barua ilikofikia, na ilikuwa imefikia kwa meneja, kwa hiyo ikamtoa meneja na sahihi yake. Mtu hajiwezi, simu haishiki, lakini amejikongoja akaandika barua pepe kuwajulisha watu kwa masikitiko kwamba yeye mwenyewe amelala.

Nikasema watacheka, wataujua uongo, kazi imekwenda. Hawakucheka. Dakika chache tu jibu likarudi: "Subhanallah, Bw. Kombo! Katika hali hiyo na bado unatujibu? Huo ndio uaminifu. Tutakuja kukuangalia leo leo, inshallah."

Nikaandika haraka, safari hii kwa makusudi, kama Kombo: "Alhamdulillahi, nimepata nafuu kubwa. Ile barua aliiandika msaidizi wangu, naye hupenda kukuza mambo. Msijisumbue kuja, nimeshatoka nyumbani. Naomba tu mnithibitishie idadi ya sahani." Nikabonyeza kutuma, barua ikafungika mbele ya macho yangu, na papo hapo feni ikasimama. Stima imekwenda. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo iliendelea kuwaka, nami sikufikiri zaidi, nikachukua kikapu nikaenda sokoni kununua vitunguu, moyo umetulia. Nisilolijua ni kwamba stima ilipokwenda, intaneti ya mtaa nayo ilikwenda, na Kombo na nafuu yake walikuwa wamekaa ndani ya kikasha cha barua zinazosubiri kutoka, wametulia, wanangoja.

Nilikaa sokoni. Bei ya vitunguu ilikuwa ya kugombaniwa, nami nikagombana. Narudi, nafika kona yetu, naona turubai linafungwa mbele ya nyumba yetu. Naona mabenchi. Naona wanawake wa mtaa wameketi kwenye mikeka, kanga kichwani, na gari la yadi limesimama nje.

Mimi nilifikiri ni mamangu. Nimemwacha akilalamika mgongo, nikaenda kugombania vitunguu, na mamangu amekufa. Kikapu kilianguka, vitunguu vikatawanyika barabarani, nikapiga mbio nikipiga kelele, "Mama! Mama!" na nilipoingia ndani nikamkuta mamangu amekaa kitako, mzima, analia, ameshikwa mkono na mwanamke nisiyemjua. Nililia kwa furaha. Wote walioniona walisema maskini, ndiye mwanawe huyu, jinsi anavyoumia.

"Mama, ni nani?"

"Babako," alisema mamangu kwa kwikwi. "Watu wamekuja kumwangalia babako, Mwanahamisi. Wameniuliza, yu wapi Bwana Kombo, twasikia yuwaumwa. Na mimi nikawambia, mbona mwaja leo? Kombo amekufa. Miaka yote hii, na kumbe wako watu wamkumbuka!"

Alipofika kwenye "amekufa" machozi yalikuwa yamemzidi, hiyo miaka hakuna aliyeisikia, na wale wageni wakaelewa kwamba Kombo amekufa asubuhi ileile. Wakasema innalillahi, jirani akasikia, jirani akamwambia jirani, na kwetu Pwani maiti haichelewi, kwa hiyo watu walikuja na kazi zao mikononi. Nataka mjue kwamba hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, pale nilipoiona furaha kwenye uso wa mamangu katikati ya machozi. Hiyo nyingine iliyofuata ilikuwa ya watu. Hii ilikuwa yangu.

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Charo, jirani yetu muuza nazi, mwenye mabenchi yale, akanivuta pembeni.

"Pole sana, mwanangu. Lakini hebu nieleze, maiti yuko wapi? Maana nimechungulia vyumba vyote na vitanda ni vitupu."

"Mzee Charo, ngoja kwanza."

"Mimi nangoja, mwanangu. Lakini vijana wameshakwenda makaburini na majembe."

Yule mwanamke mgeni akainuka. Mtu mzima, buibui safi, miwani, macho mekundu kwa kulia. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa machungwa na chupa ya maji ya matunda. Nyuma yake alisimama dereva wa yadi, kofia ameivua ameishika kifuani.

"Wewe ndiwe Mwanahamisi," alisema. "Pole, dadangu. Mimi ndimi Z. Mbarak. Nilikuwa naandikiana na marehemu kila siku. Alikuwa mkali, lakini muungwana. Mpaka dakika yake ya mwisho, alikuwa atujibu."

Bwana Z. Mbarak! Mwanamke! Nilimtazama mpaka nikasahau kuitikia pole.

Na hapo, wakati najikusanya nimwambie taratibu, pembeni, sisi wawili tu, stima ikarudi. Mtaa mzima ukapiga kelele kama kawaida, redio ya mtu ikaanza kuimba, feni yetu ikaanza kuzunguka. Haikupita muda, simu ikalia mkononi mwa Z. Mbarak. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa tena.

"Imetoka kwa Kombo," alisema.

"Kombo yupi?" akauliza dereva.

"Huyu. Marehemu." Kisha akaisoma kwa sauti, nadhani bila kutaka, vile mtu anavyosoma akiwa ameshtuka: "Alhamdulillahi, nimepata nafuu kubwa."

Kwenye mikeka mtu alianza kusoma Ayatul Kursi kwa haraka sana. Dereva alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, macho hayatoki kwenye kile chumba cha ndani. Z. Mbarak akaendelea: "Msijisumbue kuja, nimeshatoka nyumbani. Naomba tu mnithibitishie idadi ya sahani."

"Kombo aandikia wapi?" aliuliza mamangu, machozi yamekauka ghafla.

"Basi mimi niyarudishe mabenchi?" aliuliza Mzee Charo.

Ningeweza kuzimia. Wapo watu ambao wangezimia, na ingekuwa njia nzuri ya kutokea, kwa sababu mikeka ilikuwapo tayari. Lakini nilimtazama mamangu nikaona siwezi kumwacha na hilo swali. Nikasimama katikati ya chumba.

"Kombo ni mimi," nikasema. "Babangu alikufa zamani, Mungu amrehemu, na hakuwahi kushika kompyuta. Hizo barua zote nimeandika mimi, pale, juu ya lile pipa. Hakuna mgonjwa na hakuna maiti."

Laiti mngelisikia lile guno lililotoka kwa wale wanawake! Z. Mbarak uso ulimbadilika, machozi yakawa hasira.

"Umetuchezea," akasema. "Nimekuja hapa na machungwa, nimelia mbele za watu. Kwa nini hukuja kwa jina lako?"

"Nilikuja kwa jina langu. Mara mbili. Tafuta kwenye hiyo simu yako, andika Mwanahamisi."

Sikutarajia atafute, lakini alitafuta, kwa kidole cha hasira, na alipozipata nilimwona amesita. Zilikuwapo zote mbili, hazijafunguliwa. Akafungua ya kwanza, akasoma kimya, midomo inacheza.

"Maneno ni yaleyale ya Kombo," nikamwambia. "Hata bei. Kombo mlimjibu kabla ya adhuhuri."

"Uongo ni uongo," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Nami hapo nilikuwa nimeshapata moto, na sikuwa na cha kupoteza tena, kazi nilishaiona imetoka mlangoni pamoja na dereva. Nikamuuliza, mbele ya mtaa mzima: "Nami nimekuandikia Bwana Z. Mbarak, Bwana Z. Mbarak, kila siku. Mbona hujanisahihisha hata mara moja? Hiyo Z. ni nini?"

Shingo zote zikamgeukia yeye. Akayatazama machungwa yake.

"Zuhura," alisema mwisho, polepole. "Nilipokuwa naandika Zuhura, wenye malori walikuwa wanijibu, niitie mkubwa wako."

Mamangu ndiye aliyeinuka, mkono kiunoni kwa ajili ya ule mgongo, akanitazama kwa jicho ambalo nililijua (nililipwa baadaye, watu walipoondoka, wala sitawaeleza nilivyolipwa) kisha akawageukia wageni.

"Watu wameshakuja," alisema. "Nyama iko motoni na mchele umerowekwa. Na Kombo alikuwako, hata kama si huyo wenu. Alikuwa mume wangu. Hakuna atakayeondoka hapa kabla hajamsomea."

Basi wakamsomea. Dereva aliitwa arudi kutoka garini, na ndiye aliyeongoza Fatiha, sauti yake nzuri ajabu kwa mtu aliyekuwa tayari kukimbia. Vijana wakaitwa kutoka makaburini. Mimi nikaingia jikoni na macho yangu mekundu nikapika pilau kwa ghadhabu, na niwaambie, pilau ya ghadhabu haina mfano. Mzee Charo alikula sahani tatu juu ya mabenchi yake mwenyewe. Zuhura Mbarak alikula karibu na mlango, peke yake, akarudisha sahani ikiwa tupu kabisa, akamuaga mamangu, akaondoka bila kuniambia neno. Machungwa aliyaacha.

Siku zilizofuata sikuifungua laptopu. Nilipoifungua, kulikuwa na barua moja, nayo haikuja kwa meneja. Ilikuja kwa maulizo, ile anwani ambayo hakuna mtu aliyewahi kuijibu. "Kwa Bi. Mwanahamisi Kombo. Futari, mwezi mzima, kuanzia siku ya kwanza. Mkurugenzi aliuliza kama hakuna mwanamume wa kuzungumza naye, nami nikamwambia aliyekuwapo tulishamfanyia matanga. Bei ni hiyo." Na chini, si Z. tena. Zuhura Mbarak, jina lote.

Ramadhani ile mamangu alikaa kwenye kiti akaonja chumvi.

Kwa hiyo nichekeni mkipenda, niamkieni marehemu mkitaka. Ninaapa jambo moja tu, nalo ni kwamba sitabonyeza tena kutuma kabla sijausoma ule mstari wa "Kutoka kwa", herufi kwa herufi, hata kama nyumba inaungua. Anwani ya meneja sijaifuta, maana wako bado wanaomwandikia Bwana Kombo, wanamsalimu, wanamuuliza kama msaidizi wake anaweza kuwapelekea sambusa. Nawajibu wote vilevile: "Bw. Kombo amefariki. Aliyekuwa akiwaandikia ni mimi, Mwanahamisi, na bado nipo. Bei ni hiyo." Nausoma mstari, nahakikisha jina ni langu, natuma.